Je, Wajua? Mbali na Dhahabu, Geita Ina Sokwe na Nzohe

Je, wajua kwamba mkazi wa Shinyanga mjini hunywa Ziwa Victoria? Tangu mwaka 2009 maji huvutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, na kupitishwa mabombani hadi Kahama na Shinyanga. Tunayapikia, tunayaogea, lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kupanda boti na kuona nani mwingine anaishi humo?

Je, wajua kuwa Mkoa wa Geita una hifadhi ya taifa ya kisiwani katika ziwa hilo? Ni Rubondo. Ilipewa hadhi hiyo mwaka 1977 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 456.8. Karibu nusu ya eneo hilo ni maji. Uvuvi wa biashara umepigwa marufuku humo, kwa hiyo sato na sangara wanapata mahali pa kuzaliana bila kukimbizwa na makokoro.

Kufika si kazi. Kutoka mwalo wa Kasenda, karibu na Muganza wilayani Chato, boti huchukua dakika 20 hadi 30. Kutoka mwalo wa Nkome huchukua muda wa hadi saa 2. Ukiwa na nafasi, chagua Nkome, maana safari yenyewe ndiyo utalii: mnandi wamekaa juu ya mawe wakikausha mabawa, yangeyange wamesimama kwenye matete, na mdiria anajirusha majini kama jiwe.

Je, wajua kwamba sokwe wa Rubondo ni wajukuu wa wafungwa? Wazee wao walizaliwa Afrika Magharibi, wakakamatwa wakiwa wadogo na kupelekwa Ulaya kuishi kwenye bustani za wanyama. Kati ya 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt alileta 17 na kuwaachia kisiwani. Hakuna aliyewafundisha kuishi porini. Wengine walikuwa wamekaa kizuizini miaka mingi, chakula wakiletewa na binadamu. Walijifunza wenyewe tunda lipi linalika, na wakasuka viota vya kulalia juu ya miti. Haikuwa rahisi: wawili walioshambulia watu walipigwa risasi. Lakini waliobaki walizaa, watoto wao wakazaa, na leo sokwe wa kisiwa hicho hawajui kizimba ni nini. Kwangu mimi, hakuna habari kubwa kuliko hii katika ziwa zima.

Vifaru hawakubahatika. Walioletwa kisiwani miaka ya 1960 walikuwa 16. Majangili waliwamaliza wote. Twiga na tembo, ambao nao waliletwa, bado wapo.

Je, wajua nzohe? Ni swala wa majimaji, mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame kwenye tope. Akitishwa hujitumbukiza majini na kubakiza pua tu juu. Yeye ni mwenyeji halisi wa Rubondo, hakuletwa na mtu. Kwa kuwa kisiwani hakuna simba wala chui, nzohe wa hapo hutoka kwenye mafunjo na kutembea hadi msituni. Umwonapo ukingoni asubuhi, zima injini, acha boti iteleze, nyamaza.

Fisi maji je? Si fisi hata kidogo. Ni mnyama mdogo mwenye manyoya ya kahawia na mabaka meupe shingoni, hodari wa kukamata samaki. Kichwa kikiibuka majini na kuzama tena kabla hujamwonyesha mwenzako, huenda ndiye.

Furukombe utamsikia kwanza. Kichwa cheupe, tumbo la rangi ya kutu, sauti inayofika mbali juu ya maji. Wanaishi wawiliwawili, na kila jozi hulinda kipande chake cha ufuko.

Kiboko huweza kukaa chini ya maji dakika 5 hivi. Kwa hiyo ukiona maji yametulia usiseme ameondoka. Nahodha asipite kati yake na kina kirefu.

Je, wajua kwamba mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa hili kwa boti ndogo iliyoitwa Lady Alice? Iligawanywa vipande, ikabebwa kwa miguu kutoka pwani hadi Usukuma, ikaungwa karibu na Mwanza. Vitabu vinamtaja yeye. Mabega yalikuwa ya wapagazi.

Zile taa unazoziona usiku mbali ziwani, kama mji mzima, ni za wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga, na mbalamwezi ikiwaka sana mwanga huo hupoteza nguvu, ndiyo maana wavuvi hupenda usiku wa giza.

Sasa lipo jambo la wachimbaji wetu. Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu ikiingia mtoni haiozi. Vijidudu vya majini huibadilisha kuwa sumu kali zaidi, dagaa huila, sangara hula dagaa, na katika kila hatua sumu huongezeka mwilini. Mwisho wa mnyororo huo wapo furukombe na mtoto wako. Maji ya kuoshea mchanga yasielekezwe kwenye kijito. Yachimbiwe bwawa lake.

Na je, wajua kuwa radi nyingi za Ziwa Victoria hupiga usiku? Nchi kavu inapopoa, upepo wa pande zote huelekea ziwani, ambako maji bado yana joto, na mawingu hupanda. Basi usisafiri usiku kwa boti ndogo. Waulize wavuvi wa mwaloni hali ya hewa kabla ya kuondoka, na jaketi okozi usilikalie: livae, ulifunge, kisha ndipo injini iwashwe.