Tahadhari Kabla ya Hatari

Wahenga walinena kwamba tahadhari huja kabla ya hatari. Hapa Galbet, mjini Garissa, ninakofundisha, wafugaji wameyaishi maneno hayo tangu jadi. Masika yakisitasita, mfugaji mwenye busara huuza baadhi ya mifugo wangali wanono, asije akabaki na ngozi.

Linalonisikitisha ni kwamba moyo hatuutazami kwa jicho hilo. Mwalimu mwenzangu alianguka mbele ya wanafunzi, chaki ingali mkononi. Tukamzika jioni hiyo, tukasema ni kudra. Naam, kudra ni ya Mungu. Lakini je, dalili hazikuwapo? Alikuwa amevuka miaka hamsini, alivuta sigara, na sikumbuki kumsikia akisema kuwa amepimwa shinikizo la damu.

Kukadiria maradhi ya moyo si kupiga ramli. Mwaka 1948, katika mji wa Framingham nchini Marekani, watafiti walianza kuwafuatilia watu 5,209 ili kujua ni nani angeugua, na kwa sababu gani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati zilizorekebishwa kwa maeneo 21 ya dunia, Afrika Mashariki ikiwamo. Hata pasipo maabara, umri, jinsia, sigara, shinikizo la damu, uzani na kimo hutosha kukadiria hatari ya mshtuko wa moyo au kiharusi katika miaka kumi ijayo. Chati ikionyesha asilimia 20, maana yake ni kwamba katika watu mia moja wa hali hiyo, yamkini ishirini watapatwa. Hivyo daktari hujua nani aanzishiwe dawa mapema, na nani atosheke na kuacha sigara, kupunguza chumvi na kutembea.

Chati hiyo ina upungufu wake. Haiulizi habari za miraa, ambayo hupandisha shinikizo na kuharakisha mapigo ya moyo. Hilo hatuna budi kumweleza daktari wenyewe, bila haya.

Walimu wenzangu, hesabu hii ya asilimia yafaa kufundishwa darasani. Nanyi wanafunzi, mkirudi nyumbani jioni ya leo, waulizeni wazazi waliotimiza miaka arobaini: mlipimwa lini? Anayeuona ukame ukija na asiuze hata mbuzi mmoja, kuona kwake kumemfaa nini?