Safari ya Shimoni: Twende Tukajifunze

Kila Desemba vikundi vyetu vya Kayole, Dandora na Jericho hutaka kwenda "kuona bahari". Pesa za chama zinatolewa, basi linakodiwa, watu wanaogelea, wanarudi. Januari karo inadaiwa, na ukimuuliza mtu alijifunza nini huko, anacheka tu. Kupumzika si vibaya. Lakini pesa hizo ni jasho la mama mboga, na zaweza kutuletea zaidi ya picha.

Mahali pa kufaa ni Shimoni, bandari ndogo ya wavuvi katika Kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Ukitoka Mombasa, vuka feri ya Likoni, shika barabara ya kusini, upite Ukunda, Gazi na Msambweni.

Jina la kijiji latokana na pango lililo karibu na gati. Wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungwa humo wakingojea majahazi ya kwenda Unguja. Sultani Barghash alipiga marufuku biashara hiyo baharini mwaka 1873. Leo pango lenyewe linasimamiwa na wanakijiji, na kiingilio husaidia mahitaji yao kama vile shule na matibabu.

Ng'ambo ni kisiwa cha Wasini. Huko akina mama wametengeneza njia ya mbao juu ya matumbawe na mikoko, na mgeni hulipa ili apite.

Mkirudi, simameni Gazi. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko. Mikoko hufyonza hewa ya ukaa na kuizika matopeni, kwa hiyo watu wa mbali hulipa ili miti isikatwe. Mapato hayo yameleta maji na vitabu vya shule.

Mkienda, kumbukeni haya:

1. Wenyeji wengi ni Waislamu. Vaeni kwa heshima, msibebe pombe, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha.
2. Tafuteni mwongozaji wa hapo hapo, na mle chakula kwa akina mama wa kijiji, ili pesa ibaki kwao.
3. Msikanyage matumbawe wala kuokota makombe.
4. Ulizeni bila haya: kitabu cha pesa kinashikwa na nani? Hesabu inasomwa lini, na mbele ya nani?

Swali hilo la mwisho ndilo kubwa. Vikundi vingi vya mitaani kwetu havifi kwa kukosa pesa. Vinakufa kwa sababu ya daftari lisilofunguliwa.

Pango na matope, mwingine angesema ni bure. Wenzetu wameviangalia tena, wakakaa chini pamoja.

Ya kujadili kikundini: Mtaani kwetu kuna nini tunachokidharau? Nani atakitunza, na faida itakwenda wapi?