Ofisi Zikihama, Mama Lishe Anabaki na Nani?

Siku ya Jumatatu, Machi 16, 2020, matangazo mawili yalitolewa katika nchi mbili zilizo mbali. Huko London, Waziri Mkuu wa Uingereza aliwataka watu wake wafanyie kazi nyumbani kila inapowezekana. Hapa kwetu Waziri wa Afya alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, aliyepatikana Arusha. Siku moja tu kabla ya hapo, Rais wa Kenya naye alikuwa amewahimiza waajiri, wa Serikali na wa watu binafsi, wawaruhusu wafanyakazi wao kufanyia kazi majumbani. Kwa hiyo maneno hayo, "kufanyia kazi nyumbani", yalitufikia sisi wa Mkoa wa Mara kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari kabla hata maradhi yenyewe hayajatangazwa kwetu.

Wengi waliyasikia wakacheka. Mkulima wa ndizi wa Tarime hufanyia kazi nyumbani tangu alipopata akili. Mvuvi wa Rukuba hawezi kutupa nyavu akiwa kitandani, na fundi baiskeli wa Mugumu hana kazi ya kuipeleka sebuleni. Tena nchi yetu haikuwafungia watu majumbani. Shule na vyuo vilifungwa Machi vikafunguliwa mwezi wa Juni, lakini masoko yaliendelea, na mashamba yalilimwa kama kawaida. Basi ikaonekana kwamba habari za ofisi tupu na miji iliyopoa ni habari za wazungu na za Nairobi, nasi hazituhusu.

Kwa maoni yetu, kicheko kile kilitupotosha. Jambo la kujiuliza si kama karani anaandika barua akiwa ofisini au jikoni kwake. Jambo la kujiuliza ni hili: mji unakula kwa nani?

Watu wa London walipata jibu mapema. Kampuni ya huko iitwayo Pret A Manger, inayowauzia makarani mikate iliyotiwa nyama pamoja na kahawa wakati wa mchana, ilitangaza mwezi wa Julai 2020 kwamba itafunga maduka 30. Kazi za ofisini hazikuwa zimekufa. Makarani walikuwa wazima, wengi wakipokea mishahara yao, ila chai walikuwa wakiinywa majumbani. Aliyeumia ni yule aliyeweka meza yake kwenye njia yao ya kwenda kazini. Tunamtaja mfanyabiashara huyo mkubwa wa ng'ambo kwa sababu ndugu yake mdogo tunamfahamu vizuri sana. Ndugu huyo ni mama lishe, mwenye mafiga matatu na benchi moja karibu na lango la ofisi ya Serikali.

Tuitazame Tarime. Kwa miaka mingi mji huo ulikuwa boma la nchi yote kutoka ziwani hadi Mto Mara. Mtu wa Shirati aliyekuwa na shida ya leseni alikuja Tarime. Mtu wa Nyamongo aliyekuwa na shauri la ardhi alikuja Tarime. Mwalimu aliyepunjwa mshahara alikuja Tarime, akalala, akaambiwa arudi kesho, akalala tena. Kila aliyekuja alikula, alinywa soda, alinunua kalamu, alipiga picha ya pasipoti, akamnunulia mtoto viatu kabla ya kupanda gari. Urefu wa foleni ya boma, tuseme ukweli, ulikuwa sehemu ya mapato ya mji.

Foleni hiyo imekatwa vipande. Mwaka 2007 wilaya ya Rorya ilitolewa katika Tarime, na halmashauri yake ikaweka makao Ingri Juu. Mwaka 2019 Serikali iliagiza halmashauri za wilaya zilizokuwa bado zimekaa ndani ya maeneo ya halmashauri za miji na manispaa zihamie kwa wananchi wao, na Halmashauri ya Wilaya ya Tarime ikaenda Nyamwaga. Taifa hili si geni kwa ofisi zinazohama. Mwaka 1972 tulipeleka madaraka mikoani, na mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu yahamie Dodoma, safari iliyochukua zaidi ya miaka 40. Hatusemi hata kidogo kwamba kwenda Nyamwaga kulikuwa kosa. Mwananchi wa vijijini alikuwa na haki ya kuionja ofisi yake bila ya kulipa nauli ya kwenda na kurudi mjini. Tunalosema ni kwamba samani zilipopakiwa, hatukusikia mtu akiuliza habari za benchi la mama lishe.

Haikupita miezi mingi korona ikaingia. Mei 16, 2020, Kenya ilitangaza kufunga mpaka wake na Tanzania kwa wasafiri, ikaacha mizigo tu ipite, na madereva wa malori wakapimwa. Katika ramani ya Nairobi hilo ni jambo la mstari mmoja. Sirari si hivyo. Wakurya wa Tarime na Wakurya wa upande wa Kenya ni watu wa ukoo mmoja. Mji wa Isebania na mji wa Sirari ni kama chumba na sebule. Lori la mahindi likipita, linampa kazi dereva na utingo wake. Lakini uchumi wa mpakani hauendeshwi na lori peke yake. Unaendeshwa pia na mama mwenye mkungu wa ndizi, kijana anayebadilisha fedha, na mtu anayevuka kwenda kumzika shangazi kisha akarudi na mche wa sabuni. Hao ndio waliofungiwa. Wako waliopita njia za panya, nasi hatuwasifu, lakini hatuna budi kukiri kwamba njia za panya hazina mama lishe, hazina nyumba ya wageni, wala hazina ushuru wa halmashauri.

Upande wa Serengeti, hali ilikuwa nyingine. Mugumu ni makao ya wilaya, lakini mteja wake mkubwa hakai boma. Anatoka ng'ambo, anateremka kwa ndege, analala katika hoteli za Ikoma na za ndani ya Hifadhi, na pengine anarudi kwao bila kuliona soko la Mugumu hata mara moja. Hata hivyo soko hilo linamjua. Mboga za mpishi wa hoteli zina mkulima wake. Tairi la gari la watalii lina fundi wake. Mshahara wa mhudumu unafika Mugumu kila mwisho wa mwezi, ukagawanyika kuwa ada ya shule, bati na kilo ya sukari. Ndege za abiria kutoka nje zilizuiwa kuanzia Aprili 12 hadi Mei 18, 2020, lakini kufunguliwa kwa anga hakukumleta mgeni ambaye kwao amefungiwa mlango. Watalii walioingia Tanzania mwaka 2019 walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867. Nyumbu walivuka Mto Mara mwaka huo kama desturi yao, na waliowatazama walikuwa wachache.

Watalii wamerudi, tena kwa wingi kuliko zamani. Mwaka 2023 walifika 1,808,205. Mpaka nao ulifunguliwa. Angekuwapo mtu wa kusema kwamba basi mambo yamekwisha, tungemwomba atembee nasi mpaka kwenye madirisha ya ofisi za Serikali siku ya Jumatatu asubuhi. Dirisha lipo, foleni imepungua. Malipo ya Serikali sasa hufanywa kwa ile namba ambayo kila mtu huiita kontroli namba, akiwa mahali popote penye simu. Leseni ya biashara huombwa kwa mfumo wa TAUSI. Mikutano ambayo zamani ilimtoa afisa wilayani ikampeleka mkoani, akalala siku mbili na posho mfukoni, mara nyingine siku hizi humalizikia kwenye kompyuta. Mambo hayo hayakuletwa na korona, kwani mengine yalianza kabla yake, lakini korona iliwafundisha wakubwa kuyaamini.

Foleni kubwa ya mwisho tunayoikumbuka ilikuwa ya Januari 2020, wakati watu walipojaa kutafuta kitambulisho cha Taifa ili laini zao za simu zisizimwe baada ya Januari 20. Tunaikumbuka kwa sababu ya jua lake, na kwa sababu wauza maji walifanya biashara nzuri sana. Ni ajabu kidogo kwamba foleni ile ilikuwa ya kusajili chombo chenyewe ambacho kimekuja kuziua foleni nyingine.

Hapo ndugu zetu wa visiwani watauliza: haya ya Tarime na Mugumu yanatuhusu nini sisi wa Ukara, wa Irugwa na wa Rukuba? Yanawahusu kuliko mtu mwingine yeyote. Mtu wa bara akiitwa boma hupanda pikipiki. Mtu wa kisiwani hutazama kwanza mawingu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kutia nanga Ukara, kikitokea Bugolora siku ya gulio, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Watu wale walikuwa wametoka kununua na kuuza, na kwa shughuli nyingine ambazo kisiwa kidogo hakiwezi kujitosheleza. Tangu siku ile sisi hatuwezi kuandika kwamba safari ya kwenda mjini ni kitu kidogo. Kila huduma inayoweza kumfikia mtu wa kisiwani kwa simu, na imfikie, hata kama kwa kufanya hivyo Nansio na Musoma zitapoteza mteja wa chai.

Msimamo wetu basi ni huo: hatutaki foleni irudi ili miji ishibe. Lakini tunawaambia viongozi wahusika kwamba kazi waliyoianza hawajaimaliza, upande wa kijijini na kisiwani na upande wa mjini vilevile.

Kijijini na kisiwani, huduma imepelekwa kwenye simu kana kwamba kila mtu ana simu ya kuisomea, umeme wa kuichaji na fedha za bando. Matokeo yake tunayaona. Mzee asiyejua mfumo humlipa kijana wa steshenari amjazie maombi. Mfumo ukigoma, huambiwa aende wilayani. Huyo amelipa mara mbili, kwa kijana na kwa nauli, na zamani alikuwa akilipa mara moja. Tusisahau pia ya Julai 15, 2021, Serikali ilipoweka tozo juu ya miamala ya simu; kelele zikawa kubwa, na mwezi wa Septemba tozo hiyo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mtu aliyeambiwa asije mjini, atume fedha kwa simu, alikuwa sasa akitozwa kwa sababu hakuja. Ofisi ya kata ndiyo jawabu la karibu. Ipewe kompyuta, ipewe karani anayejua kuitumia na mwenye amri ya kurekebisha kosa papo hapo, na visiwa vitangulie.

Mjini nako, halmashauri bado hupanga ushuru kana kwamba wapita njia ni wale wale. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo wa miji mingi nchini walihamishwa kutoka kando za barabara wakapelekwa maeneo maalumu. Barabara zilipumua, hilo tunalikubali. Lakini kibanda kilichowekwa mahali pasipopita mtu si kibanda cha biashara, ni stoo. Anayepanga maeneo hayo angesimama hapo kwanza tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, akahesabu miguu inayopita, ndipo aamue mwenye kibanda alipe kiasi gani. Majengo ambayo ofisi zilizohama zimeyaacha yasikae na popo. Yapo mafundi cherehani, walimu wa jioni na vijana wanaofanya kazi za kompyuta kwa watu wa mbali, ambao wangelipa pango la haki kwa chumba chenye umeme na mlango unaofunga. Hao wa mwisho ndio makarani wapya wa nyumbani, nao wakipata mahali pa kukaa pamoja, watahitaji chakula cha mchana.

Kila mwaka, kabla ya Julai, madiwani hukaa kupitisha makisio ya mwaka mpya wa fedha, na ushuru wa vibanda na meza za sokoni huwa humo ndani. Kikao kijacho cha Tarime na cha Mugumu tutakihudhuria, tukikaa kwenye viti vya nyuma vya wageni, na swali tutakalolisikiliza ni moja: kama yupo diwani atakayesimama kuuliza ni watu wangapi wanaopita mbele ya meza hizo.