Kenya: Wanauza Moshi Ambao Haukutoka

Ndugu wafanyakazi wa viwanda vya sukari na wa mashamba, siku hizi mnasikia matajiri wakizungumza juu ya "biashara ya kaboni". Wengi wetu tunadhani hiyo ni habari ya wataalamu na mikutano ya ng'ambo. Sivyo. Kwa jirani zetu wa Kenya biashara hiyo iliingia mpaka ndani ya chumba cha boila, na yafaa tujue iliwafikisha wapi.

Kiwanda cha sukari cha Mumias, magharibi ya Kenya, kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na kwa muda mrefu kilikuwa kikubwa kuliko vyote nchini humo. Muwa ukisha kukamuliwa hubaki makapi. Kila aliyepata kufanya kazi mbele ya boila anajua kuwa makapi hayo huchomwa ili kupata mvuke wa kuendesha kiwanda, na mengine hubaki lundo nje. Mwaka 2009 Mumias iliwasha mtambo mpya wa megawati 35. Megawati 26 kati ya hizo zilikuwa za kuuziwa kampuni ya umeme ya taifa. Zilizobaki ni za kiwanda chenyewe.

Umeme ule uliuzwa mara mbili. Mara ya kwanza uliuzwa kwa waya, kama umeme wowote. Mara ya pili uliuzwa kama moshi usiotoka. Hesabu yake ni hivi: bila mtambo huo, umeme ungetoka kwenye mitambo mingine, na baadhi yake huchoma mafuta. Basi kila tani ya hewa ukaa iliyoepukwa ilipimwa, ikaandikiwa hati, na hati ikauzwa. Mnunuzi alikuwa mwenye kiwanda wa Japani au Ulaya aliyewekewa kiwango cha moshi naye akakipita. Badala ya kupunguza moshi wote kwake, alinunua hati ya mwenzake wa mbali. Utaratibu huu ulitokana na Mapatano ya Kyoto ya mwaka 1997. Mradi wa Mumias uliandikishwa mwaka 2008, na mnunuzi wake alitoka Japani.

Mimi sisemi kwamba huo ni wizi. Kuchoma makapi na kupata umeme ni bora kuliko kuchoma dizeli, na mtambo mpya ni kazi kwa fundi. Lakini soko ni soko. Mkulima wa kahawa hahitaji kufundishwa hilo. Mwaka 2008 hati ya tani moja ilipita yuro 20 katika masoko ya Ulaya. Kufika 2013 haikufika hata yuro moja. Hati zilikuwa zimezidi sokoni, na viwanda vya Ulaya vilikuwa vimepunguza kazi baada ya mtikisiko wa fedha, basi haja ya kununua ikapungua. Mradi wa Mumias ulikadiriwa kuokoa karibu tani 130,000 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe kwa bei za soko: kwa yuro 20 ni yuro 2,600,000, kwa nusu yuro ni 65,000. Na boila ni ile ile, joto lake ni lile lile.

Hati hizo sizo zilizoiua Mumias. Madeni na ukosefu wa miwa ndivyo vilivyoiangusha. Ila hazikuiokoa pia, maana pasipo miwa hakuna makapi, na pasipo makapi hakuna umeme wala hati. Septemba 2019 benki iliyokuwa ikiidai iliweka msimamizi wake. Wafanyakazi waliachwa wakidai mishahara ya miezi mingi, na wakulima wakidai fedha za miwa. Mwishoni mwa 2021 kiwanda kilikodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya hapa kwetu Uganda kwa miaka 20, na kesi zikafuatana mahakamani.

Mwaka 2023 Bunge la Kenya lilirekebisha sheria ya mabadiliko ya tabianchi. Sasa mradi wa kaboni wa ardhi, kama wa misitu, lazima uipe jamii ya mahali hapo si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliopita, baada ya kutoa gharama. Miradi isiyo ya ardhi hutoa si chini ya asilimia 25. Ni hatua kubwa, na wenzetu wanastahili sifa. Lakini fungu hilo ni la jamii. Mpakia miwa aliyetoka wilaya nyingine na kulala kwenye kambi ya kampuni, je, ni mmoja wa jamii hiyo?

Swali hilo litafika kwetu. Mapatano ya Paris ya 2015 yalifungua soko jipya, na kanuni zake zilikamilishwa Baku Novemba 2024. Kakira, karibu na Jinja, tayari huuza umeme wa makapi kwenye gridi ya taifa, na mpango wa GETFiT ulioanza 2013 kwa fedha za Ujerumani, Norwei, Uingereza na Umoja wa Ulaya uliongeza malipo kwa kila yuniti ya umeme wa namna hiyo.

Basi wajumbe wa matawi, mkiketi na mwajiri mwenye mtambo wa umeme kujadili mkataba wa pamoja, msikubali kuonyeshwa hesabu ya sukari peke yake. Ombeni hesabu ya umeme, kisha muulize kama kuna hati za kaboni zilizouzwa, kwa nani, na kwa bei gani. Akisema sukari imepata hasara mwaka huu, mwacheni amalize kusema, halafu mfungueni ukurasa wa pili.