Asali ya Tabora: inafaa kidonda, chunusi ni habari nyingine

Nyumba nyingi za Tabora hazikosi chupa ya asali. Iwe imetoka Sikonge, Urambo au Kaliua, hukaa kabatini ikisubiri kikohozi, na mtoto akichubuka goti bibi huiulizia hiyo hiyo. Siku hizi mkono wa mzazi unakimbilia kwingine: vidonge vya rangi mbili vinafunguliwa, unga wake unanyunyizwa juu ya kidonda. Kijana mwenye chunusi naye ananunua nusu dozi, anameza siku tatu, uso ukitulia anaacha.

Kati ya hao, bibi ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, ingawa si kwa kila kitu.

Unga wa kapsuli haukutengenezwa kwa ajili ya kidonda. Huganda juu na kufunika uchafu, unaweza kuleta mzio, na bakteria wanaonusurika huizoea dawa. Mtoto huyo huyo akija kuihitaji kwa ugonjwa mzito, huenda isimsaidie. Tetrasaiklini ina balaa lake jingine: huacha madoa ya kudumu kwenye meno ya watoto walio chini ya miaka 8, na mjamzito hapaswi kuimeza.

Asali hupambana kwa namna yake. Iliyoiva vizuri ina sukari nyingi na maji machache, karibu asilimia 20 au chini ya hapo, kwa hiyo huwafyonza bakteria maji. Ina uchachu pia. Isitoshe, nyuki huweka ndani yake kimeng'enya ambacho, asali ikikutana na majimaji ya kidonda, hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Mwaka 2015, mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane yalionyesha kuwa majeraha ya moto yasiyo na kina kirefu hupona mapema zaidi kwa asali kuliko kwa baadhi ya bandeji za kawaida. Kwa vidonda vya aina nyingine nyingi, ushahidi haukutosha.

Lakini asali ipi? Tangu misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipokuwa ikituama Unyanyembe, nchi hii ya miombo imejulikana kwa asali na nta, na hadi leo mji wa Tabora una chuo cha ufugaji nyuki. Tatizo ni njiani kutoka mzingani hadi kwenye chupa. Asali iliyochemshwa ili ichujike haraka hupoteza kile kimeng'enya, na iliyoongezwa maji ya sukari ni sharubati tu. Kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha hakuthibitishi kitu. Afadhali kumjua mrina asali na kumuuliza alivyoichuja. Hata hivyo, asali ya hospitali huuliwa vijidudu kwa mionzi. Ya barabarani haikupitia huko, kwa hiyo ibaki kwa michubuko midogo na kuungua kudogo.

Aliyeungua apoozwe kwanza kwa maji baridi yanayotiririka, dakika 20, bila barafu wala dawa ya mswaki. Mchubuko uoshwe kwa sabuni na maji safi. Asali ipakwe kwenye shashi safi, ifunikwe, ibadilishwe kila siku au ikilowa. Moto uliogusa uso, viganja au sehemu za siri, au eneo linalozidi kiganja cha mtoto mwenyewe, ni wa hospitali moja kwa moja.

Jipu halihitaji asali wala kubinywa. Likandwe kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Homa, wekundu unaotambaa, jipu karibu na pua au jicho, au mtoto mchanga mwenye usaha: huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na akiandikiwa antibayotiki ameze dozi yote.

Kwenye chunusi, asali inaishiwa nguvu. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2016 uliwapaka watu asali ya kanuka juu ya kuosha uso kwa sabuni ya kuua bakteria. Hawakuwazidi walioosha kwa sabuni hiyo peke yake. Ndimu huunguza ngozi ikipigwa na jua, na mwarobaini unaoua bakteria maabara bado haujawa dawa ya uso wa binti wa miaka 15. Kinachosaidia ni kuosha uso mara mbili kwa siku, kuacha mafuta mazito na krimu za kujichubua zenye steroidi, ambazo zenyewe huzalisha chunusi, na kutumia benzoili peroksaidi ya famasi kwa wiki sita hadi nane kabla ya kukata tamaa. Huchubua rangi ya mashuka na taulo, kwa hiyo apewe taulo lake. Chunusi zenye mafundo yanayouma na kuacha makovu zimfikishe kwa daktari mapema.

Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe asali hata tone. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo utumbo wake bado hauwezi kuzishinda.