Kung'oa hodhi na kuweka shawa: kwa wenye wazee wao Uswidi

Baadhi yenu mlioko Maskati, Sharjah na Dubai mna wazazi au shangazi zenu huku Uswidi, na swali mnaloniuliza kwa simu ni moja: mama hawezi tena kupanda hodhi la kuogea, tufanyeje? Nitaeleza kama nilivyoifuata kazi hii mwenyewe hapa Fittja, kusini ya Stockholm, kwa ajili ya mke wangu. Nilikuwa karani mpaka nikastaafu, kwa hiyo msishangae nikishughulika na makaratasi kuliko vigae.

Fittja imo katika manispaa ya Botkyrka. Maghorofa yake ni ya ule mpango mkubwa wa serikali wa kujenga nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974, na treni ya chini ya ardhi ilifika hapa 1972. Nyumba ni imara, lakini bafu ni dogo: choo, sinki, na hodhi lililosimama juu ya miguu yake likimwaga maji katika tundu la sakafuni lililo chini yake. Ukingo wa hodhi namna hii hufika karibu sentimita 55 au 60. Mtu mwenye nyonga mbovu hulazimika kusimama kwa mguu mmoja juu ya sakafu yenye maji, auinue mwingine hadi juu ya goti, kisha arudie hayo hayo wakati wa kutoka, naye sasa ameroa.

Hatari ya kuanguka kila mtu anaiona. Kuna jambo la pili ambalo wazee wetu hawalisemi kwa watoto wao. Mtu asipoweza kukoga peke yake, manispaa humpa msaidizi wa kuja nyumbani. Wasaidizi hao ni watu wema na wanafanya kazi ngumu, lakini leo huja huyu na kesho yule, na mwanamke aliyelelewa kwa sitara Unguja hataki kuvuliwa nguo na mgeni, hata akiwa mwanamke mwenzake. Mke wangu alianza kupunguza siku za kukoga. Josho lilimtia wasiwasi, na kutawadha miguu kwenye sinki kulikuwa hakuwezekani tena. Basi tukiongea habari ya kung'oa hodhi, tunaongea habari ya mtu kufunga mlango wake na kujitoharisha mwenyewe.

Na shawa ya kuingia bila kuvuka ukingo si ugeni kwetu. Vyoo vya nyumba za mawe za Unguja na Lamu vilikuwa na birika la maji, kata ya kuchotea, na sakafu ya chokaa iliyoinamishwa kuelekea tundu. (Lamu walitia na samaki wadogo birikani wale viluwiluwi vya mbu.) Kujilaza ndani ya maji kulikuwa mambo ya wakubwa, kama yale mahamamu ya Kidichi aliyojenga Sayyid Said 1850.

Sasa sheria. Manispaa zote za Uswidi zinapaswa kutoa fedha za kurekebisha nyumba ya mtu mwenye ulemavu wa kudumu au wa muda mrefu. Fedha hizo huitwa bostadsanpassningsbidrag, na sheria inayotumika sasa ilianza Julai 1, 2018. Hawaangalii kipato wala akiba yako. Wanaangalia kama marekebisho ni ya lazima na gharama ni ya kiasi. Umri peke yake hausaidii: kuandika "mama ana miaka 78" ni kupoteza wino. Na kama bafu limechakaa tu, huo ni ukarabati wa mwenye nyumba, manispaa haiulipii.

Maombi huambatana na cheti cha mtaalamu. Kwa kawaida ni yule aitwaye arbetsterapeut, anayepima namna mtu anavyomudu shughuli za kila siku, naye huja nyumbani kutazama. Hapa ndipo maombi mengi huponea au hufia. Manispaa inaweza kusema kwamba haja itatimizwa kwa kifaa cha kuazima, na kifaa chenyewe ni ubao unaolazwa juu ya hodhi: mtu anakaa juu yake, halafu anaingiza miguu. Kwa wengine unatosha kabisa. Lakini hata kwa ubao miguu lazima ivuke ule ukingo, na asiyeweza kuikunja nyonga hatavuka. Basi cheti kiseme waziwazi: mguu upi, unainuka kiasi gani, ubao ulijaribiwa na ukashindwa kwa sababu gani. Siku ya mtaalamu kuja, mwambieni mama asijikaze. Wazee wetu wakimwona mgeni huamka kitini kama vijana, wakamtengenezea na chai, na mtaalamu huandika alichokiona.

Nyumba ikiwa ya kupanga, mwenye nyumba lazima aridhie kwa maandishi, na aahidi kwamba hatamdai mpangaji gharama ya kurudisha hodhi siku akihama. Bila ya karatasi hiyo fedha hazitoki. Msianze kubomoa kabla ya uamuzi kufika. Wekeni nakala ya kila barua na nambari ya jalada. Wakikataa, mna wiki tatu tangu mlipopata uamuzi kukata rufaa kwenda mahakama ya utawala, na rufaa yenyewe hupelekwa kwa manispaa.

Kazi ya fundi nayo imo zaidi sakafuni. Hodhi likiondoka, maji yaliyokuwa yakishuka moja kwa moja tunduni sasa yataenea juu ya sakafu ambayo haikuinamishwa kwa kazi hiyo. Desturi ya mafundi wa hapa ni kuinamisha mahali pa shawa milimita 7 hadi 20 kwa kila mita. Ikipungua, maji hutuama. Ikizidi, kiti cha kuogea huyumba. Tundu la kabla ya 1990 hubadilishwa, maana utando usiopitisha maji lazima ushikane nalo barabara, na hapo ndipo uvujaji wa kumlowesha jirani wa chini huanzia. Kwetu walitandika zulia la plastiki lililounganishwa kwa moto na kupandishwa ukutani. Si zuri kama vigae, lakini halitelezi sana na lilikauka upesi. Kazi ilichukua siku tisa, nasi tukikoga kwa jirani.

Mahali pa vyuma vya kushikia pachaguliwe kabla ukuta haujazibwa, naye mwenyewe awepo, asimame na kukaa, ili fundi atie alama pale mkono unapofika. Bomba la kuchanganya maji liwe na kizuizi cha digrii 38, kwani maji ya moto ya hapa hutoka bombani kwa digrii 50 au zaidi. Ombeni mpira mrefu wa shawa unaomfikia aliyekaa, na karibu na choo kile kibomba cha mkono cha kuchambia. Waswidi wenyewe wanakijua, hukifunga kwenye bomba la sinki. Pazia liwe zito chini. Mlango wa kioo hula nafasi ya msaidizi, akihitajika siku moja.

Kabla fundi hajakusanya vyombo vyake, mwageni ndoo nzima ya maji kwenye pembe iliyo mbali na tundu, mhesabu dakika tano. Panapobaki dimbwi, arudie. Hili hata nyinyi wenye majumba Oman mnaweza kulifanya, bila ya fomu yoyote.