Wahandisi wa miji midogo: tuajiri au tukodi? (2)

Wiki iliyopita nilieleza jinsi halmashauri za miji yetu zilivyobaki na wahandisi wa kuhesabika. Julai 2017 wahandisi wa barabara walihamia Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Miaka miwili baadaye, ilipoanza Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), wahandisi wa maji wa wilaya nao wakafungasha. Mkurugenzi wa mji akabaki na mhandisi wa majengo, mara nyingi mmoja, na mafundi sanifu wawili watatu wanaogombea gari moja na idara ya afya.

Mji huohuo una soko la kukarabati, stendi ya kujenga, mitaro iliyoziba na madarasa yasiyoisha. Uombe kibali cha ajira ili ikama ya wahandisi iongezwe, au utangaze zabuni umkodi mhandisi mshauri?

Nianze na fedha, maana ndizo zinazopigiwa kelele kwenye vikao. Diwani mmoja husimama akasema: mhandisi mshauri anataka milioni 85 kwa mwaka, na mtumishi wetu tunamlipa milioni mbili kwa mwezi, huu si wizi? Mwenzake humjibu kwamba mtumishi hulipwa hata mwezi ambao hana la kufanya. Kila mmoja ameshika nusu ya hesabu.

Mtumishi wa mshahara wa shilingi milioni 2 hagharimu milioni 2. Mwajiri humchangia asilimia 15 ya mshahara kwenye mfuko wa PSSSF na asilimia 3 kwenye bima ya afya. Kuna likizo, posho za safari, mafuta, kompyuta na leseni ya programu ya kuchorea. Tuseme vyote vinafikia milioni 3.5 kwa mwezi, yaani milioni 42 kwa mwaka. Kampuni ya ushauri nayo haitozi mshahara wa mtu wake peke yake. Inatoza pango la ofisi, bima, miezi ambayo mtu huyo atakaa bila kazi, na faida. Katika fani hii si ajabu ankara kufika mara tatu ya mshahara, kwa hiyo milioni 6, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 unapata milioni 7.08 kwa mwezi. Gawanya 42 kwa 7.08, jibu ni karibu miezi sita.

Maana yake ni kwamba mtaalamu ambaye mji unamhitaji zaidi ya nusu mwaka ni nafuu kumwajiri, na asiyefikia hapo ni nafuu kumkodi. Tarakimu za mji wako zitatofautiana na hizi za mfano, lakini njia ya kukokotoa ni hiyohiyo. Mhandisi ujenzi na mkadiriaji majenzi hawakosi kazi ya mwaka mzima hata kwenye mji wa wakazi laki moja. Mtaalamu wa mafuriko, mchunguzi wa udongo chini ya msingi wa jengo la ghorofa nne, msanifu wa mifumo ya umeme ya soko: hawa unawahitaji kwa wiki kadhaa, kisha hamtaonana kwa miaka mitatu. Kuwaajiri ni kuwalipa wasome magazeti.

Kama mambo yangeishia hapo, makala haya yangekuwa na sehemu moja tu. Lakini hesabu hiyo inapima saa za kazi, wala haipimi mji uko katika hatua gani ya maisha yake.

Tazama Sandy Springs, kaskazini mwa Atlanta katika jimbo la Georgia, Marekani. Wakazi wake walipiga kura ya kujitenga wawe na mji wao, na Desemba 2005 mji huo ulipozaliwa haukuunda idara. Ukiacha polisi na zimamoto, karibu shughuli zote, kuanzia uhandisi wa barabara hadi vibali vya ujenzi na uhasibu, zilikabidhiwa kampuni moja ya kihandisi, CH2M Hill. Wapenzi wa ubinafsishaji duniani waliushangilia mji huo kana kwamba umegundua moto. Mwaka 2011 kazi zilitangazwa upya vipande vipande ili kampuni kadhaa zishindane, na gharama zikashuka. Ilipofika 2019 baraza lilikaa na vitabu vyake, likaona kwamba kuajiri watumishi wake lenyewe kungeokoa kiasi cha dola milioni 14 katika miaka mitano. Likaajiri, likabakiza kandarasi chache.

Wengi husimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba ubinafsishaji umeshindwa. Mimi sikioni hivyo. Mwaka 2005 mji ulihitaji watu wengi waliokwisha fundishwa, na uliwahitaji siku ileile ya kuzaliwa; hakuna baraza ambalo lingeweza kuwaajiri kwa miezi michache. Miaka 14 baadaye kazi zilikuwa zimejulikana, zikawa zilezile kila mwezi, na kampuni hazikuwa na sababu tena ya kushusha bei. Mkataba uliokuwa sahihi mwanzoni ulikuwa umezeeka.

Uko mji wa pili unaothibitisha jambo hilo kwa upande wa pili. Weston, Florida, ulisajiliwa 1996, na mpaka leo una watumishi wachache sana wake wenyewe. Uhandisi na karibu huduma zote ni za mikataba. Lakini Weston ulipangwa na kujengwa na kampuni moja ya uendelezaji, ramani zote zipo, barabara na mifereji ni ya umri mmoja. Kazi ya namna hiyo inaandikika kwenye mkataba. Sasa mlete mshauri wa Weston kwenye mji wetu ambao nusu ya nyumba zimejengwa kabla ya barabara, na bomba la maji linapita mahali anapopakumbuka mzee mmoja tu wa mamlaka ya maji. Atauliza michoro, na hatapewa.

Kuna njia ya tatu, nayo ni kushirikiana mtaalamu wa umma. Mji wa Lakewood, California, ulipoanzishwa 1954, uliingia mkataba na Kaunti ya Los Angeles ili kaunti iuhudumie kwa malipo, badala ya mji kujiundia idara zake. Miji mingi ya jimbo hilo ikaiga. Kwa juu juu TARURA inafanana na utaratibu huo: mhandisi mmoja mwenye maabara na mitambo ahudumie wengi. Tofauti ni kwamba Lakewood ni mteja. Inalipa, inadai, na ikitaka inakwenda kwa mwingine. Halmashauri yetu si mteja wa TARURA. Wakala hupata bajeti yake kupitia TAMISEMI na Mfuko wa Barabara, ikiwamo ile shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli iliyoongezwa mwaka 2021. Ndiyo maana madiwani wamelalamika tangu mwanzo kwamba wananchi wanawauliza wao kuhusu kalavati lililovunjika, na wao hawana wa kumwagiza. Kuwakusanya wataalamu lilikuwa wazo zuri. Kuuondolea mji sauti juu yao halikuwa zuri, na sijaona kwa nini la kwanza lilazimishe la pili.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona zito kuliko bei: kila namna ya kumlipa mhandisi ina dhambi yake.

Mhandisi mshauri anayelipwa asilimia ya thamani ya mradi hapungukiwi kitu mradi ukipanda bei. Ukimwambia mtaro wa sentimita 60 unatosha, yeye ataona wa mita moja ndio salama, na pengine ni kweli, lakini utajuaje? Anayelipwa kwa mwezi hana haraka mkandarasi akichelewa. Kila mwezi unaoongezwa ni ankara nyingine. Anayelipwa kwa jumla ya mkupuo atamtuma kijana aliyemaliza chuo juzi, huku jina la mhandisi mkongwe aliyeandikwa kwenye zabuni likionekana siku ya ufunguzi tu. Na mtumishi wa mshahara? Yeye hana faida wala hasara mradi ukiharibika, kwa hiyo dhambi yake ni uvivu, au ile nyingine tunayoijua wote: kuchora ramani za nyumba za watu jioni, na asubuhi kuzipitisha mwenyewe kwa muhuri wa halmashauri.

Sisemi kwamba wahandisi ni watu wabaya. Wako chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na Bodi hiyo inaweza kumfutia mtu usajili. Ninachosema ni kwamba mlipaji anatakiwa ajue amechagua dhambi ipi, kisha aweke mtu wa kuizuia. Mtu huyo hawezi kukodiwa kutoka kampuni ya pili, maana naye atahitaji wa kumkagua. Lazima mwisho wa mnyororo awepo mtumishi wa mji, anayejua kusoma mchoro, anayeweza kwenda eneo la kazi asubuhi bila kuaga, akauliza vipande vya zege vilivyochukuliwa siku ya kumwaga nguzo viko wapi, na kama vilipondwa maabara siku ya 7 na ya 28. Asipokuwepo mtu huyo, hati ya malipo ya mkandarasi inatayarishwa na mkandarasi, inathibitishwa na mshauri, na mkurugenzi ambaye kitaaluma pengine ni mwalimu anatia saini kwa imani.

Uzito wa jambo hili huonekana hasa baada ya sherehe ya makabidhiano. Mikataba mingi ya ujenzi ina kipindi cha matazamio, kwa kawaida mwaka mmoja, ambamo mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama zake, na sehemu ya fedha zake huzuiwa mpaka amalize. Kasoro za mtaro na barabara hutokea masika. Mkataba wa mshauri ukiwa umekwisha Desemba, nani atapita na daftari Aprili kuhesabu nyufa? Kipindi cha matazamio kinapita, fedha zilizozuiwa zinaachiwa, na mwaka unaofuata mji unarekebisha kwa mapato yake ya ndani kitu kilichopaswa kurekebishwa bure.

Na kuna kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na miji inapoteza mali ya namna hii kila mradi unapofungwa. Mshauri huchimba mashimo ya kupima udongo, hupeleka sampuli maabara, hupima miinuko ya mtaa mzima. Mji hupewa ripoti moja iliyojalidiwa vizuri, inayoishia kabatini. Takwimu zenyewe na michoro ya kazi jinsi ilivyojengwa hasa hubaki kwenye kompyuta za kampuni. Ukija mradi mwingine mtaa huohuo, mashimo yanachimbwa upya na yanalipiwa upya. Kipengele cha kuzuia malipo ya mwisho mpaka mafaili yote yakabidhiwe kinaandikwa kwa mistari miwili, lakini anayeagiza kiandikwe ni mtu anayejua thamani ya mafaili hayo.

Hapo mpenzi wa kuajiri atapiga makofi, kwa hiyo nimkumbushe mwishoni mwa 2021. Shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF wa kukabili UVIKO-19 ziliposhuka, nchi ilitakiwa kujenga madarasa 15,000 kabla ya muhula wa Januari 2022, na yalijengwa kwa fosi akaunti: shule inanunua vifaa, fundi wa mtaani anajenga, mhandisi wa halmashauri anakagua msingi, lenta na paa. Mhandisi mmoja hawezi kusimama kwenye misingi ishirini siku moja. Kipindi kama hicho ndicho cha kukodi, tena kwa miezi mitatu au minne, wahandisi wa kukagua chini ya mtumishi wa mji. Vivyo hivyo kwa mradi wa TACTIC unaogusa miji 45 kwa fedha za Benki ya Dunia: upembuzi yakinifu na usanifu wa kina wa stendi na masoko si kazi ya ofisi ya watu watatu, wala isilazimishwe kuwa.

Nimewahi kupingwa kwa hoja nyingine nisiyoweza kuipuuza. Mhandisi mwajiriwa wa mji mdogo, wanasema, ni mtu wa kubanwa: diwani anataka kalavati mtaani kwake, mkurugenzi anataka mradi ukamilike kabla ya ziara ya kiongozi, na anayekataa huhamishwa. Mgeni wa kukodi ana uhuru wa kusema hapana. Hoja ina ukweli, ila uhuru wa mgeni una mpaka wake: naye anataka zabuni ijayo. Dawa ninayoiona ni kuwa na wahandisi wawili waliosajiliwa. Mmoja peke yake hana wa kushauriana naye, hana wa kumsimamia mhitimu anayetafuta usajili wa Bodi, na akiondoka kwenda kwenye mradi mkubwa unaolipa vizuri, ofisi nzima imeondoka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mji wa wakazi laki moja na zaidi uajiri wahandisi wawili na mkadiriaji majenzi mmoja, uwape gari lisilopelekwa kwenye kampeni za chanjo, na kazi yao ya kwanza iwe kutunza kumbukumbu na kukagua. Usanifu mkubwa, taaluma adimu na misimu ya mafuriko ya kazi vikodiwe. Mji ulio mdogo zaidi uungane na jirani yake kuajiri hao watatu, kwa makubaliano ambayo mabaraza yote mawili yana nguvu ya kuyavunja.

Diwani unayejiandaa kwa kikao cha bajeti, kabla hujanyoosha mkono, mwombe mkurugenzi akuoneshe michoro ya mtaro au jengo la mwisho mlilokabidhiwa, jinsi lilivyojengwa hasa, na akutajie mtumishi wenu aliyelikagua kabla kipindi cha matazamio hakijaisha. Vyote viwili vikikosekana, ombi lenu la kwanza la kibali cha ajira mwaka huu liwe la mhandisi.

Toleo lijalo: jinsi ya kuandika hadidu za rejea za mhandisi mshauri.